Kwa nini mwili haufukuzi minyoo mara moja? Somo la kinga kwa sisi watu wa ziwa



Kila mara vidonge vya minyoo vinapoletwa shuleni, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, nasikia maneno manne yaleyale. La kwanza: "Mtoto alimeza mwaka jana, ameze tena kwa nini?" La pili: "Wazee wetu walikunywa maji ya ziwa hili maisha yao yote, na hawakumeza kitu." La tatu: "Kile kidonge kinaumiza tumbo, kinaleta ugonjwa ambao haukuwepo." La nne linatoka kwa mwenye kusoma kidogo: "Surua ukiugua mara moja, umemaliza. Minyoo inarudi kila mwaka. Ina maana mwili wetu hauna kinga?"

Kuna wazazi ambao, kwa sababu ya maneno hayo, siku ya kidonge mtoto anabaki nyumbani. Wengi wanasema, "huyo ni mjinga," halafu wanapita. Mimi sikubali. Haya maneno yote manne yana swali la kweli ndani yake, na jibu lake liko katika jinsi kinga ya mwili inavyopambana na minyoo. Ni habari ambayo wengi wetu hatukufundishwa vizuri, hata sisi tuliosomea mambo ya afya. Mimi ni mtu wa maabara, siyo daktari; kazi yangu ni darubini na vioo. Nitajaribu kueleza kadiri ninavyoelewa, polepole, bila kuwachosha.

Kwanza tuwajue wageni

Minyoo inayotuhusu sisi wa pwani hii ni ya makundi mawili.

Kundi la kwanza ni minyoo ya udongo. Kuna askarisi, ule mrefu mweupe ambao mtoto anautoa wakati mwingine na mama anapiga kelele. Jike lake lina urefu wa sentimita 20 mpaka 35, na linaweza kutaga mayai laki 2 kwa siku moja. Kuna mnyoo mjeledi, na kuna ule wa safura unaong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Yote inatoka kwenye choo kibaya na inarudi kwetu kwa mikono, kwa chakula, au kwa miguu isiyo na viatu.

Kundi la pili ni la maji: kichocho cha tumbo, ambacho wengi hapa kwetu wanakiita bilarziozi. Jina la kitaalamu ni Schistosoma mansoni. Yai linatoka na kinyesi, linafika majini, linaanguliwa, na kitoto chake kinaingia ndani ya konokono mdogo wa jamii ya Biomphalaria. Baada ya wiki kadhaa konokono anaachilia mabuu yenye mkia. Ukisimama majini kufua, kuoga, kuchota bidoni au kuvuta wavu, buu linatoboa ngozi yako kwa dakika chache tu. Linapita kwenye mapafu, linafika ini, linakua, kisha dume na jike wanashikamana na kwenda kukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Jike ni jembamba, linalala ndani ya mfereji wa mwili wa dume. Wanaishi hivyo kwa miaka.

Kichocho hiki hakina pasipoti. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Mbelgiji Bruno Gryseels na wenzake walikichunguza kwa muda mrefu ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Burundi. Watafiti wengine wamekikuta katika vijiji vya karibu na Gombe, mkoa wa Kigoma. Ziwa ni moja, mto ni mmoja.

Adui asiyemezeka

Sasa tuje kwenye kinga. Wengi tunaijua kinga kwa mfano wa polisi: kijidudu kinaingia, chembe nyeupe ya damu inakikamata, inakimeza, imekwisha. Mfano huo ni mzuri kwa bakteria na kwa virusi kama ya surua. Hivyo ni vitu vidogo sana, na chembe nyeupe ni kubwa kuliko vyenyewe.

Lakini chembe nyeupe ina upana wa kama sehemu 12 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Mnyoo mzima wa kichocho una urefu wa karibu sentimita moja. Yaani ni mrefu kuliko ile chembe karibu mara 800. Askarisi ndiyo usiseme. Kuiambia chembe imeze mnyoo ni kama kumwambia ndagala ameze boti ya Baraka pamoja na abiria wake.

Kuna tofauti ya pili, na hii ndiyo ufunguo wa mambo yote. Virusi ya surua ikiingia mwilini inazaana humohumo. Leo chache, wiki ijayo mamilioni. Mwili usipoimaliza upesi, unakufa. Minyoo tunayozungumzia haizidi idadi yake ndani yako. Inataga mayai, ndiyo, lakini yai lazima litoke nje, lipite kwenye udongo au kwenye konokono kwanza. Kwa hiyo kila mnyoo ulio mkubwa ndani ya tumbo la mtoto uliingia wenyewe kutoka nje. Minyoo mitano itabaki mitano mpaka mingine iingie.

Mnaona hesabu inavyobadilika? Kwa surua, mwili hauna uchaguzi: ni kuua au kufa. Kwa minyoo michache, vita vya kuiua vinaweza kuharibu utumbo, mapafu au ini kuliko minyoo yenyewe. Ndiyo maana mwili wetu umejifunza kupigana nayo kwa namna nyingine kabisa.

Kengele, ufagio na askari

Katika ukuta wa utumbo kuna chembe chache zenye kishada cha nywele ndogo juu yake. Zamani hakuna aliyejua kazi yake vizuri. Mwaka 2016 maabara kadhaa zilionyesha, kwa kutumia panya, kwamba hizo chembe ndizo kengele: zinaonja uwepo wa mnyoo na kutoa ujumbe wa kemikali unaoitwa interleukini 25. Ujumbe huo unaamsha chembe nyingine za kinga zilizolala jirani, na hizo zinatoa ujumbe wake, interleukini 13.

Halafu kazi inaanza. Utumbo unatoa ute mwingi, mzito, unaoteleza. Maji yanaongezeka ndani. Misuli ya utumbo inakaza na kusukuma kwa nguvu. Ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha upesi zaidi, ili mnyoo ukose mahali pa kushika. Kwa kifupi, mwili unalia na kufagia. Hauujaribu kuumeza mnyoo. Unajaribu kuutoa nje ya nyumba. Mwenye akili anaona kwamba hiyo ni mbinu nzuri kwa mgeni mkubwa.

Pamoja na ufagio kuna askari. Chembe T, ambazo ni kama makamanda, zinachagua jeshi la kutuma. Kwa virusi zinatuma jeshi moja, kwa minyoo zinatuma jingine. Jeshi la minyoo lina silaha mbili maarufu.

Silaha ya kwanza ni eozinofili. Ni chembe nyeupe ambayo ukiipaka rangi inayoitwa eozini inakuwa na punje nyekundu za kupendeza. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyeieleza mwaka 1879. Kwa mtu mzima mwenye afya eozinofili ni chache, kama 1 mpaka 5 katika kila chembe nyeupe 100. Mwenye minyoo anaweza kuwa nazo nyingi mno, na sisi wa maabara tukiziona hivyo tunaanza kuuliza habari za choo na za ziwa. Zile punje nyekundu ni sumu. Eozinofili hailazimiki kummeza adui. Inamng'ang'ania kwa nje na kummwagia sumu juu ya ngozi.

Silaha ya pili ni antibodi iitwayo IgE, iliyotambuliwa mwaka 1966 na Wajapani wawili, mke na mume, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Antibodi ni kama alama ya chaki ambayo mwili unamchorea adui ili askari wamjue. IgE inajipachika kwenye chembe zilizojaa histamini. Ikimgusa adui, zile chembe zinapasuka: ngozi inawasha, pua inatiririka, mishipa inavuja, misuli inakaza.

Kama hayo yanawakumbusha pumu na mzio, hamjakosea. Ni silaha zilezile. Mtu wa Ulaya anayepiga chafya kwa sababu ya vumbi la maua anatumia bunduki ambayo kwa asili inafaa kwa minyoo.

Mnyoo nao si mjinga

Sasa mtu atauliza: kama tuna ufagio, sumu na alama za chaki, kwa nini basi kichocho kinakaa mwilini miaka mingi? Kwa kawaida kinaishi miaka 3 mpaka 10, na kuna watu waliohama nchi zenye kichocho wakakutwa bado wanatoa mayai hai zaidi ya miaka 30 baadaye. Huko walikohamia hapakuwa na konokono wala maji yenye mabuu. Ni ileile minyoo ya zamani.

Jibu ni kwamba mnyoo umejifunza kuishi nasi. Buu dogo linapoingia ngozini bado ni laini, na eozinofili zenye msaada wa antibodi zinaweza kuliua. Hiyo ilionyeshwa maabarani katika miaka ya 1970. Lakini likipita hatua hiyo linaanza kuvaa nguo zetu. Linajipaka vitu vya damu ya mtu, hata alama za kundi la damu yake, mpaka askari wakipita wanaona ndugu. Ngozi yake ya juu inajibadilisha kila wakati. Juu ya hayo, mnyoo unatoa kemikali zinazotuliza makamanda. Mwili unaongeza chembe T za aina ya wapatanishi na ujumbe unaoitwa interleukini 10, ambao maana yake ni "tulieni, punguzeni moto." Pia unatengeneza antibodi nyingine, IgG4, ambayo inakaa mahali ambapo IgE ingekaa, na kuizuia isifyatue.

Kwa hiyo yule ndugu anayesema hatuna kinga, jibu lake ni hili: kinga ipo, tena inafanya kazi usiku na mchana. Ila imefanya mapatano. Mnyoo unaachiwa uishi, mwenye nyumba haunguzwi na vita. Mapatano hayo yana faida, lakini yana gharama pia, na gharama hiyo ndiyo inayotuletea wagonjwa.

Ini linaumizwa na nani?

Tulipokuwa wadogo tuliona watu wenye tumbo kubwa na miguu myembamba, na watu walisema wamerogwa. Sababu za tumbo kujaa maji ni nyingi, lakini kichocho cha zamani ni mojawapo, na hapa kuna jambo linaloshangaza wengi: si mnyoo wenyewe unaoharibu ini. Ni yai, na ni sisi wenyewe.

Jozi moja ya kichocho inaweza kutaga mayai mpaka 300 kwa siku. Karibu nusu yanatoboa utumbo na kutoka na kinyesi. Mengine yanachukuliwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama. Yai lililokwama linatoa vitu vyenye sumu. Mwili hauwezi kuliondoa, basi unalijengea ukuta: chembe za kinga zinalizunguka, eozinofili zikiwa nyingi kati yake, mpaka linakuwa kama uvimbe mdogo. Ukuta huo unatukinga, maana bila huo sumu ingeua chembe za ini; panya wasio na chembe T wanakufa mapema kwa sababu hiyo. Lakini yai likifa, ukuta unabaki kama kovu. Yai moja si kitu. Maelfu, mwaka baada ya mwaka, yanaacha makovu mengi mpaka damu inakosa njia ya kupita katika ini. Mgandamizo unapanda, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka. Mgonjwa anatapika damu, na wakati mwingine hafiki hospitali.

Kuna ujanja mwingine hapa. Yai linahitaji kinga yetu ili litoke. Lile kundi la chembe zinazolizunguka ukutani mwa utumbo ndilo linalosaidia kulisukuma mpaka nje. Mwaka 1997 watafiti wa magharibi mwa Kenya walieleza kwamba watu wenye kichocho ambao pia walikuwa na virusi vya UKIMWI, na kinga yao imeshuka, walitoa mayai machache kinyesini kuliko wenzao. Kumbe adui anatumia askari wetu kama wachukuzi wa mizigo bandarini!

Umri au uzoefu?

Sasa nije kwa wazee wetu. Ni kweli kabisa kwamba ukipima kijiji chenye kichocho, maambukizi yanapanda kwa watoto, yanafika kileleni karibu na miaka 10 mpaka 15, halafu yanashuka kwa watu wazima. Kwa nini? Mtu mzima haogi ziwani kama mtoto, hiyo ni sababu moja. Lakini hata wavuvi na wamama wanaofua kila siku, wengi wao wana minyoo michache kuliko vijana. Gryseels, yule wa Ruzizi, mwaka 1994 aliandika makala akiuliza swali hilohilo: je, ni umri au ni uzoefu? Yaani, mwili unakomaa tu, au umefundishwa na minyoo yenyewe?

Mfano mzuri uko Kisumu, Kenya. Pale kwenye ufuo wa ziwa Victoria kuna vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama majini. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na Marekani, akiwemo Diana Karanja wa taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI, waliwafuata vijana hao: wanawapima, wanawatibu, wanahesabu magari wanayoosha, wanawapima tena. Wote walikuwa watu wazima, na wote waliendelea kuingia majini. Wengine waliambukizwa tena upesi kila baada ya matibabu. Lakini wengine, kadiri walivyotibiwa mara nyingi, walichukua muda mrefu zaidi na zaidi kabla ya kuambukizwa. Mwili wao ulikuwa unajifunza. Na wale ambao kinga yao ilishushwa na virusi vya UKIMWI, uwezo huo ulipungua.

Utafiti wa Kenya, Gambia na Uganda unaelekea upande huohuo: wenye IgE nyingi dhidi ya vitu vya mnyoo mzima huwa hawaambukizwi tena kwa urahisi, na wenye IgG4 nyingi huwa wanaambukizwa.

Kwa nini somo hili linachukua miaka 10 au 15, wakati surua inafundisha kwa wiki mbili? Kwa sababu mnyoo ulio hai umevaa nguo zetu. Vitu vyake vya ndani, vile ambavyo kinga ingepaswa kuvijua, vimefichwa. Vinaonekana mnyoo unapokufa, na mnyoo haufi upesi. Mwanafunzi anasubiri kitabu miaka mingi.

Hapa ndipo kidonge kinapoingia. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaharibu ngozi ya juu ya mnyoo na kuuvua nguo. Minyoo mingi inakufa pamoja, na vitu vyake vilivyofichwa vinamwagika kwenye damu. Baada ya matibabu, antibodi dhidi ya mnyoo mzima zinapanda. Tena dawa yenyewe inasaidiwa na kinga: kwa panya wasio na antibodi inafanya kazi vibaya zaidi. Kidonge na kinga ni wavuvi wawili wa mtumbwi mmoja.

Basi anayesema "ameze tena kwa nini," jibu ni hili: kila matibabu yanapunguza mayai yanayokwenda kwenye ini leo, na kila matibabu ni somo jingine kwa mwili. Na anayesema wazee hawakumeza kitu, tumuulize kwa heshima: tunawaona wazee gani? Tunawaona waliobaki. Waliotapika damu wakiwa na miaka 35 hawapo kwenye baraza kutusimulia.

Mbona kinaumiza tumbo?

Ni kweli, watoto wengine wanaumwa tumbo, wanasikia kizunguzungu au kutapika saa chache baada ya kumeza. Msiwabishie wazazi, waelezeni. Mara nyingi anayeumwa zaidi ni yule aliyekuwa na minyoo mingi zaidi. Minyoo inapokufa kwa wingi, kinga inashtuka na kupiga kengele zote. Ugonjwa ulikuwepo, ulikuwa umenyamaza tu. Mara nyingi maumivu hayo yanapita yenyewe, na yanapungua mtoto akimeza baada ya kula. Kumpeleka mtoto na njaa siku ya kidonge ni kumtesa bure. Yakizidi au yakiendelea, apelekwe kituo cha afya.

Mambo mawili ya kukumbuka. Moja, prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga ya wiki chache. Mtoto aliyeingia majini mwezi jana anaweza kubaki nayo, ikakua. Hiyo ni sababu nyingine ya kurudia. Mbili, kidonge cha minyoo ya udongo, albendazoli au mebendazoli, hakitibu kichocho. Ni dawa mbili, kwa adui wawili. "Alishapewa dawa ya minyoo" si jibu kamili. Ulizeni ni ipi.

Upande wa pili wa sarafu

Tuwe wakweli kama wasomi: mapatano yakivunjika, kuna linalobadilika. Kule Entebbe, Uganda, kati ya mwaka 2003 na 2005, wanawake wajawazito 2,507 waliingia katika utafiti ambao wengine walipewa albendazoli na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu wa ngozi zaidi utotoni. Ni kama kinga, ikikosa minyoo ya kuituliza, inakuwa na hasira kidogo. Lakini utafiti mwingine wa visiwa vya Koome, ndani ya ziwa Victoria, ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa za minyoo mara nyingi na vilivyopewa kwa ratiba ya kawaida. Haukuona mzio wala pumu ikiongezeka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwachia mtoto minyoo eti imkinge na mzio. Ini lililojaa makovu ni baya kuliko ngozi inayowasha.

Na kuna jambo linalotugusa sisi wa Uvira moja kwa moja. Ile interleukini 10 ya kutuliza haichagui; inaweza kutuliza kinga hata pale tunapotaka iamke. Mwaka 2000 watafiti walieleza habari za watoto wa Ecuador wenye askarisi waliopewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Waliotibiwa minyoo kwanza, kinga yao iliitikia chanjo vizuri zaidi kuliko wasiotibiwa. Chanjo ile siyo ileile tuliyopewa hapa Uvira mwaka 2020, na chanjo si zote zinaathiriwa. Kule Entebbe chanjo za kawaida za watoto hazikuonyesha tofauti kubwa. Lakini katika mji ambao kipindupindu hakiishi, tumbo lisilo na minyoo si jambo la kudharau.

Sasa tufanye nini?

Dawa peke yake haiwezi kumaliza, kwa sababu konokono bado yupo na choo bado kinavuja. Sote tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, na jinsi maji ya ziwa yalivyopanda miaka iliyofuata yakaingia kwenye nyumba na vyoo. Kinyesi kikifika majini, mzunguko umekamilika.

Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono mchana, zaidi jua likiwa kali. Anayelazimika kuingia majini, asubuhi na mapema ni afadhali kuliko saa sita, ingawa hatari haiishi. Sehemu zenye majani na maji yaliyotulia ndizo konokono anazopenda. Maji yaliyochotwa bila konokono na kukaa siku mbili kwenye chombo, mabuu yake yanakuwa yamekufa. Unaweza kuogea, lakini ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa, kwa ajili ya kipindupindu.

Na tusifikiri ni habari ya wanafunzi tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: kama kichocho kimefika kiwango cha 10 kwa 100 katika eneo, dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka 2, pamoja na watu wazima, wanaonyonyesha, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Mvuvi, mama anayefua na mlimaji wa mpunga wa tambarare ya Ruzizi wote wamo. Na kwa watoto wadogo zaidi, Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa maoni mazuri juu ya prazikwanteli maalumu ya kuanzia miezi 3, kidonge kinachoyeyuka na kisicho kichungu sana. Tukisikia imefika kwetu, tusiikimbie.

Ndugu zangu, katika mtaa sisi ndio tunaoulizwa. Kama umesoma sheria, ualimu au uchumi, kwa jirani wewe ni "yule aliyesoma," na neno lako linaweza kumbakiza mtoto nyumbani au kumpeleka shuleni siku ya kidonge. Akikuuliza, usimwambie tu "ni lazima." Mwambie kwamba mwili wa mtoto wake unapigana na adui mkubwa aliyevaa nguo za nyumbani, kwamba dawa inamvua nguo hizo ili mwili umjue, na kwamba somo hilo halimalizwi kwa siku moja. Na umkumbushe ampe mtoto chakula kwanza.

Wenye kuulizia au kuongezea, hasa wenzangu wa hospitali na wa mambo ya maji, karibuni sana.